Mbunge asiyejua kusema "la" ana kazi gani?

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwa kinyozi mtaani kwetu nikingoja zamu yangu, alipoingia mzee jirani yangu akiwa amekunja uso. Alikuwa ametoka katika ofisi ya mbunge kuulizia basari ya mjukuu wake aliye shule ya sekondari. Aliambiwa arudi wiki ijayo, nayo ilikuwa mara yake ya nne kuambiwa vivyo hivyo. "Mwalimu," akaniambia, kwani watu wa mtaa huu wamezoea kumwita mwalimu kila mtu aandikaye gazetini, "wewe unayesoma mambo haya, hebu nieleze. Mtu huyu tulimchagua afanye kazi gani hasa?"

Waliokuwapo walimjibu kabla sijafungua kinywa. Mmoja alisema kazi ya mbunge ni kuleta lami na umeme. Wa pili akasema ni kuja mazishini na kuchanga kwenye harambee, maana mkono mtupu haulambwi. Wa tatu, kijana aliyevaa nadhifu, akasema kuwa mbunge mwerevu ni yule anayekaa karibu na wakubwa ili eneo lake lisisahauliwe keki inapogawanywa. Kinyozi naye, mashine ikivuma mkononi mwake, akakata shauri kwamba mbunge hana kazi yoyote. Sote tukacheka, mzee peke yake asicheke. Zamu yangu ikafika, nikaketi kitini, na swali lile likapita bila jibu langu.

Nimelifikiria tangu siku hiyo. Katika majibu yote yaliyotolewa pale, halikuwamo hata moja lililotaja kazi ambayo kwayo mabunge ya watu waliochaguliwa yaliundwa, nayo ni kazi ya kukataa: kumkatalia mtawala fedha anapozitaka bila sababu ya kuridhisha, na kumnyima imani anapokuwa hastahili tena kutawala. Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule, ijapokuwa limechelewa.

Naomba msomaji anivumilie nianze mbali, mjini London. Sianzi huko kwa kudhani kwamba Mwingereza ana akili kutuzidi, bali kwa sababu Bunge letu lilizaliwa na Bunge lile. Spika wetu na desturi zake, serikali kuketi upande mmoja na upinzani upande wa pili, kamati na taratibu za kupiga kura, hayo yote tuliyarithi huko. Amtakaye kumjua mtoto hana budi kumtazama na mzazi.

Bunge la Uingereza lina nyumba mbili. Ya juu ni House of Lords, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa baraza la makabaila na maaskofu, watu waliokalia viti kwa kuzaliwa au kwa kuteuliwa. Ya chini ni House of Commons, ambayo wabunge wake huchaguliwa na raia, kila mmoja katika eneo lake. Jina hilo la "chini" limewapotosha wengi. Mtu asikiapo bunge la juu na bunge la chini hudhani kuwa la juu ndilo kubwa. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Nyumba haisimami kwa paa bali kwa msingi, na katika mfumo wa serikali ya bunge msingi ni ile nyumba ya chini, kwa kuwa ndiyo peke yake iliyotumwa na wananchi.

Katika mfumo huo raia hampigii kura Waziri Mkuu. Humpigia kura mbunge wa eneo lake, basi. Wabunge wakishakutana, yule awezaye kuungwa mkono na wengi wao ndiye aitwaye kuunda serikali, naye hutawala kwa muda ule tu ambao wengi hao wanaendelea kumwamini. Siku wakiacha kumwamini, hana budi kujiuzulu au kurudi kwa wapiga kura. Kwa hiyo serikali nzima, mawaziri wake na vyeo vyao, imeketi juu ya mabega ya wabunge, nao wanaweza kuinuka wakati wowote.

Msomaji aweza kusema kuwa hayo ni maneno ya vitabuni. Basi na tutazame usiku wa tarehe 28 Machi 1979.

Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa James Callaghan wa chama cha Labour. Nchi ilikuwa imetoka katika kipindi kigumu cha baridi na migomo, ambapo takataka zilirundikana barabarani na hata wachimba makaburi wa mji mmoja waliweka chini majembe yao. Chama chake hakikuwa tena na wabunge wa kutosha, akawa anaishi kwa hisani ya vyama vidogo. Kiongozi wa upinzani, Bi Margaret Thatcher, akawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Siku ile viranja wa pande zote mbili walizunguka wakihesabu vichwa. Mbunge mmoja wa Labour, Sir Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi. Alikuwa radhi kubebwa kwa gari la wagonjwa hadi Bungeni, lakini madaktari walionya kwamba safari hiyo ingeweza kumwua, na Callaghan akakataa kumwita. Mbunge mwingine kutoka Ireland Kaskazini, Frank Maguire, alifunga safari ndefu kuja London kisha asipige kura upande wowote.

Kura zilipohesabiwa, walioiunga mkono hoja walikuwa 311 na walioipinga walikuwa 310. Serikali ilianguka kwa kura moja. Callaghan alisimama usiku ule ule akatangaza kwamba atawaendea wananchi. Uchaguzi ukafanywa tarehe 3 Mei, Thatcher akashinda, na Uingereza ikachukua mkondo mwingine kabisa. Sir Alfred alifariki siku tano baada ya kura ile ambayo angeiokoa serikali yake.

Kisa hiki sikitaji kwa sababu ya Thatcher wala Callaghan, maana wapo wanaomsifu huyu na wapo wanaomsifu yule. Nakitaji kwa sababu serikali ya taifa lenye mabomu ya nyuklia iliondolewa madarakani bila risasi kulia. Halikutokea kundi la wanajeshi kituo cha redio kabla ya mapambazuko, wala hakupatikana mtu wa kusema kuwa kura moja ni ndogo mno kumwondoa mkubwa. Watu 621 walihesabiwa, na hesabu ikakubaliwa.

Nguvu hiyo ya kutoa na kunyima imani ndiyo kazi ya kwanza ya bunge la chini. Ya pili ni mkoba. Mwaka 1909 Waziri wa Fedha wa Uingereza, David Lloyd George, alileta bajeti ya kuwatoza kodi zaidi matajiri na wenye ardhi ili kupata fedha za malipo ya uzeeni na manowari. Bunge la chini likaipitisha. Mabwana wa bunge la juu, ambao wengi wao ndio waliokuwa wenye ardhi hiyo, wakaikataa mwezi Novemba. Ulizuka ugomvi uliofanya nchi ipige kura mara mbili katika mwaka 1910. Mwishowe ikatungwa sheria ya 1911: mswada wa fedha uliopitishwa na bunge la chini usicheleweshwe na bunge la juu kwa zaidi ya mwezi mmoja, utake usitake utakuwa sheria. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi kueleweka hata na mtoto: anayelipa kodi ndiye awe na neno la mwisho kuhusu kodi, na katika nyumba zile mbili ni moja tu iliyobeba sauti ya mlipa kodi.

Kazi ya tatu, ya kutunga sheria, na ya nne, ya kuwauliza mawaziri maswali na kukagua matumizi, zinajulikana na wengi. Lakini hizo mbili husimama juu ya zile mbili za kwanza. Waziri huitikia wito wa kamati kwa heshima kwa sababu anajua kwamba waulizaji wake wanashika mkoba na wanashika kiti chake. Pasipo hayo, swali la mbunge ni kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji.

Labda kuna atakayesema kuwa hayo ni ya Wazungu waliozoea. Basi tuje India, nchi iliyotawaliwa na mkoloni yule yule aliyetutawala sisi, yenye lugha, dini na matabaka mengi kutushinda. Bunge lake la chini huitwa Lok Sabha, yaani Baraza la Watu, na katiba yao inasema wazi kuwa mawaziri wote kwa pamoja wanawajibika kwa baraza hilo. Tarehe 17 Aprili 1999 Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee aliomba kura ya imani baada ya chama kimoja cha kusini kujiondoa katika serikali yake ya muungano. Alipata kura 269. Waliomkataa walikuwa 270. Kura moja tena! Aliondoka. Akabaki kuwa msimamizi tu hadi uchaguzi, na katika miezi hiyo hiyo India ikapigana na Pakistan milimani huko Kargil. Jeshi lilipigana vita vyake mpakani chini ya serikali iliyokwisha kunyimwa imani, wala halikufikiria kuichukua. Wapiga kura walipoulizwa, walimrudisha Vajpayee mwaka ule ule.

Hata hivyo, nisimdanganye msomaji kwa kumwonyesha upande mmoja wa sarafu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye sifa naye atajiwe aibu yake. Julai 2008, katika Lok Sabha hiyo hiyo, serikali ya Manmohan Singh ilipokuwa ikitafuta kura ya imani, wabunge kadhaa wa upinzani walitoa mafungu ya noti na kuyapunga mbele ya Spika wakidai kuwa walipewa ili wasipige kura. Serikali ilipita kwa kura 275 dhidi ya 256. Aidha, tangu mwaka 1985 India ina sheria inayoweza kumnyang'anya kiti mbunge anayekaidi amri ya kiranja wa chama chake. Ilitungwa kwa nia njema, kuwazuia wabunge wasihamehame kama nzige, lakini imemfunga kamba mguuni hata yule anayetaka kukataa kwa dhamiri safi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nguvu yote ya bunge la chini, imani na mkoba, hutegemea kitu kimoja ambacho hakiandikiki katika katiba yoyote: je, mbunge wa upande wa serikali anaweza kusimama akawakatalia watu wake? Upinzani kusema "la" si habari, kwani ndiyo kazi yake. Bunge hupata uzito pale "la" inapotoka katika viti vya serikali yenyewe.

Waingereza wana mfano wa hilo pia. Mei 1940, wakati majeshi ya Hitler yalipokuwa yakiisambaratisha Ulaya, wabunge walijadili jinsi vita vya Norway vilivyoendeshwa vibaya. Serikali ya Neville Chamberlain ilikuwa na wingi wa zaidi ya viti 200. Ilipopigwa kura, alishinda, 281 kwa 200. Lakini kiasi cha wabunge 40 wa upande wake walikuwa wamepiga kura na wapinzani, wengine wakiwa wamevaa sare za kijeshi, na wengi zaidi hawakupiga kura kabisa. Chamberlain alisoma hesabu ile akaelewa. Siku mbili baadaye alijiuzulu, Winston Churchill akachukua nafasi yake. Alishinda kura, akashindwa kutawala.

Sasa na turudi nyumbani, kwa kuwa ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Kenya ilipopata Madaraka mwaka 1963 ilipewa mfumo huo huo. Tulikuwa na Baraza la Wawakilishi, lenye maeneobunge 117, tukawa na Seneti yenye viti 41, na Mzee Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu aliyetokana na wingi wa wabunge. Mfumo huo haukuishi. Desemba 1964 tukawa jamhuri yenye Rais mwenye mamlaka makuu. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge la chini, viti vikawa 158. Na katika mwaka huo huo wa 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipojitenga na KANU kuunda KPU, Katiba ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama kilichomdhamini apoteze kiti. Wakalazimika kurudi kwa wapiga kura katika ule uchaguzi mdogo uliojulikana sana. Somo lililobaki vichwani mwa wabunge halikuhitaji kufafanuliwa: ukisema "la", utagharamika.

Hata hivyo, wapo waliolipa gharama hiyo. Mwaka 1975, baada ya kuuawa kwa J.M. Kariuki, kamati teule ya Bunge ilichunguza mauaji hayo na kuleta ripoti ambayo serikali haikuipenda. Ripoti ikakubaliwa na Bunge kwa kura chache. Masinde Muliro alikuwa waziri. Alipiga kura dhidi ya serikali yake, na akaachishwa kazi. Mwezi Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, walikamatwa katika majengo ya Bunge kwa maneno waliyoyasema ndani ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Oktoba 1998 James Orengo alileta hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Rais Moi, ikaanguka. Tulikuwa na wabunge waliojua kazi yao, basi, hata katika miaka ambayo kuijua kulikuwa hatari.

Katiba ya 2010 ilikuja kuondoa hatari hiyo. Itakumbukwa kwamba rasimu iliyotolewa mwishoni mwa 2009 ilikuwa na Waziri Mkuu atokanaye na Bunge, ila wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 walichagua mfumo wa Rais. Hivyo Bunge letu la Taifa halina tena uwezo wa kuiangusha serikali kwa kura ya kukosa imani kama Callaghan alivyoangushwa. Lakini liliachiwa mkoba. Kifungu cha 95 kinasema kuwa ndilo linaloamua mgao wa fedha za taifa na kusimamia matumizi yake, na mswada wa fedha hauwezi kuanzia Seneti.

Nami nataka msomaji alipime kwa makini jambo ambalo sijalisikia likisemwa mara nyingi. Katika mfumo wa bunge, mbunge wa serikali akikataa bajeti ya serikali yake, serikali inaweza kuanguka, Bunge likavunjwa, naye akajikuta kampenini kabla ya wakati, pengine asirudi. Ana sababu ya kusita. Mbunge wa Kenya hana sababu hiyo. Akikataa Mswada wa Fedha, Rais anabaki Ikulu, mawaziri wanabaki ofisini, naye mwenyewe anabaki na kiti chake hadi miaka mitano itimie. Rungu la kizuizini halipo tena. Kwa hesabu hiyo, mbunge wetu ana uhuru wa kusema "la" kumzidi mwenzake wa London au wa New Delhi.

Aliutumiaje uhuru huo? Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipigiwa kura. Kwa majuma kadhaa vijana walikuwa wameusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakawaandikia na kuwapigia simu wabunge wao wakiwasihi waukatae. Waliosema "ndiyo" walikuwa 195, na waliosema "la" walikuwa 106. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikafyatuliwa, vijana wakafa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Yaani kilichokataliwa na umma, kikapitishwa na wawakilishi wa umma, kikaja kukataliwa na yule yule aliyekitaka! Kazi ya kukataa iliwashinda wenye viti na mishahara, ikafanywa barabarani na watoto wa watu, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Nani atawaeleza wazazi wao kwamba palikuwa na watu waliochaguliwa na kulipwa kufanya kazi hiyo bila damu kumwagika?

Wala haiwezi kudaiwa kuwa Bunge letu halina meno. Oktoba mwaka huo huo wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, na hoja ile ikaenda mbio kuliko nyingi tulizowahi kuziona. Sitaki kuingia katika uzuri au ubaya wake. Nasema tu kwamba meno yapo, na tuliyaona. La kuuliza ni kwa nini yalikuwa makali Oktoba na butu Juni.

Jibu langu linanirudisha kwa kinyozi. Mbunge wetu hasemi "la" kwa sababu tumemgeuza mwombaji. Tunampima kwa basari, lami, mabati na michango ya mazishi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hutoka serikalini au kwa watu walio karibu na serikali. Basi akifika Bungeni huwa na orodha ndefu ya vitu vya kuomba kwa wale wale ambao anapaswa kuwahoji. Mkono usioweza kuukata, wahenga walisema, ubusu. Tangu ilipoanzishwa hazina ya maendeleo ya maeneobunge mwaka 2003, mbunge amekuwa pia na mfuko wa kuugawa, na mtu mwenye mfuko wa kugawa hapati nafasi ya kuukagua mfuko mkubwa wa taifa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inapingana na Katiba. Ukiona jinsi wabunge wa pande zote walivyoungana mwaka 2025 kupitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo katika Katiba yenyewe, utajua ni jambo gani lililo karibu na mioyo yao.

Naujua ubishi utakaoletwa hapa. Nitaambiwa kuwa madarasa mengi yamejengwa kwa fedha hizo na watoto wengi wamesoma kwazo. Ni kweli, nami siwezi kuwadharau walionufaika. Lakini tumtazame tena mjukuu wa mzee yule. Kiwango ambacho serikali ilijiwekea kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ya umma ni Sh22,244 kwa mwaka. Walimu wakuu wamelia mara kwa mara kwamba fedha hizo hufika zikiwa pungufu na kwa kuchelewa, na Julai 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kuwa serikali haimudu kiwango chote. Shule ikipungukiwa, mzigo humwangukia mzazi. Mzazi akilemewa, hupanga foleni kwa mbunge, ambaye humpa basari ya shilingi elfu chache na kupigiwa makofi. Bali mbunge yule yule ndiye aliyeipitisha bajeti iliyoiacha shule na upungufu! Alimnyang'anya mzee kwa mkono wa kulia asikoonekana, akamrudishia kidogo kwa mkono wa kushoto mbele ya kamera.

Wapo wanaosema dawa ni kuurudisha mfumo wa Waziri Mkuu, na mwaka 2023 Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa ilipendekeza cheo hicho kiwepo. Mimi siupingi mjadala huo, lakini sina haraka nao. Waziri Mkuu anayeteuliwa na Rais si Waziri Mkuu wa bunge, ni waziri mwenye jina refu. Na hata tukiuleta mfumo kamili wa Uingereza, wabunge wakibaki waombaji, foleni yao itahama tu kutoka Ikulu hadi mlangoni pa huyo Waziri Mkuu. Kura moja iliyomwangusha Callaghan ilikuwa na uzito kwa sababu waliohesabiwa walikuwa watu ambao serikali iliwahitaji wao, si wao walioihitaji serikali.

Mzee wangu, hili ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile. Tulimchagua mtu huyu akae mlangoni pa hazina yetu, na kila atakayekuja kutoa kitu amwulize ni cha nini, ni cha nani, na cha mwaka jana kilikwenda wapi. Tulimchagua aweze kusema "la" kwa niaba yako bila kuogopa mtu. Ukirudi ofisini kwake wiki ijayo, pokea basari, maana mtoto lazima asome na haki yako usiiache. Lakini kabla hujaondoka mwulize swali moja mbele ya watu: Juni 2024, ulipoulizwa kuhusu kodi yangu, ulijibu nini? Akisema hakumbuki, mwambie kuwa yote yasemwayo na kupigiwa kura Bungeni huandikwa, na kumbukumbu hizo zi wazi kwa kila raia. Kisha mwambie utakuja tena baada ya bajeti ijayo, si kwa basari, bali kuulizia kura yake.